Shajara ya mradi: kumsoma sato dume, X mbali na Y mbali

5 Januari

Jenomu ya sato, yaani DNA yake yote, ilishasomwa zamani. Naliandika hili ukurasa wa kwanza kwa sababu kila ninayemweleza mradi huu huuliza hilo hilo: "Si walishamaliza hao?" Ilichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Nature, pamoja na za siklidi (samaki wa familia ya sato) wengine wanne wa Afrika, na mwaka 2017 ikatoka nyingine bora zaidi, iliyounganishwa kwa visomo virefu, yaani vipande virefu vya DNA vilivyosomwa na mashine. Kazi nzuri, tunaitegemea kila siku. Ila samaki aliyesomwa ni jike wa ukoo ulioandaliwa maabara, ambaye nakala aliyorithi kwa baba na ile ya mama ni shilingi kwa ya pili. Aliteuliwa makusudi, maana nakala zikifanana, kuunganisha kunakuwa rahisi. Lakini katika kromosomu za jinsia, jike wa sato ana X mbili, na dume X moja na Y moja. Y haimo kabisa.

Na kwa mfugaji, Y ndiyo yenye shughuli. Mwaka 2020 sato wa kufugwa duniani walifika tani milioni 4.4 kwa hesabu za FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na wengi wao walikusudiwa wawe madume. Dume hukua haraka. Jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na siku zote hizo hali kitu cha maana. Ukiwachanganya, bwawa linajaa vitoto, wote wanagombea chakula, wote wanadumaa. Ndiyo maana mashamba mengi huwalisha vifaranga homoni ya methyltestosterone kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo.

Njia ya pili ni kuwa na dume wa YY. Mpandishe na jike wa kawaida, watoto wote wanatoka XY, na hakuna samaki wa kuliwa aliyeonja homoni. Kumpata si siri: unamgeuza XY awe jike, unampandisha na XY mwingine, robo ya watoto inakuwa YY. Robo ipi sasa? Kwa macho YY na XY hawatofautiani hata chembe. Mpaka leo tunawajua kwa kumzalisha kila dume peke yake, kulea watoto, kisha kuhesabu majike. Ni miezi, na ni matangi mengi.

Kipimo cha DNA kipo, lakini hakitufai. Y ya sato imebeba jeni ya amh mara mbili, zikifuatana. Ya kwanza ni mbovu, amhΔy, imepungukiwa bezi (herufi za DNA) 233 katika eksoni ya 7, moja ya sehemu za jeni zinazobeba maelekezo ya protini. Ya pili ni amhy, ambayo utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa ndiyo inayomfanya samaki awe dume. Kipimo hutafuta ule upungufu wa bezi 233: amh ya X hutoa bendi (mstari kwenye jeli ya kupimia) ndefu, amhΔy hutoa fupi. Tatizo ni kwamba amhy haina upungufu huo, kwa hiyo Y peke yake inatoa ndefu na fupi. XY: ndefu na fupi. YY: ndefu na fupi. Tumerudi palepale tulipoanzia.

Tunachotaka basi ni dume mmoja wa ukoo wetu, X yake na Y yake zisomwe kila moja kivyake, tupate mahali nje ya amh ambapo hazifanani.

11 Januari

Samaki amepatikana. Gramu 640, matundu mawili chini ya tumbo (jike huwa na matatu), na ukimminya kidogo anatoa manii. Nimempa namba. Fundi wetu wa matangi amempa jina, na hataki kulisema.

Rahisi kuliko yote ingekuwa kuwa na wazazi wake. Ungesoma DNA ya baba na ya mama kwa visomo vifupi vya bei nafuu, kisha kila kisomo cha mtoto ungekipeleka upande wake. Nikamuuliza fundi wazazi wako tangi gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ukoo wa nzi.

"Huyu katoka kwenye vifaranga vya pamoja, mwalimu. Baba zake wanaweza kuwa sita."

Haya. Tutatenganisha kwa Hi-C, njia inayoonyesha DNA ipi ilikaa karibu na ipi ndani ya kiini.

14 Januari

Mafuta ya karafuu ndani ya ndoo, samaki akalegea baada ya dakika chache. Sindano yenye EDTA, ya kuzuia damu isigande, ikaingia nyuma ya pezi la chini, ikapanda hadi mshipa ulio chini ya uti wa mgongo. Mililita mbili na nusu. Kisha tukamzidishia dawa hadi mwisho, na ini, wengu, korodani, ubongo, figo, matamvua na misuli vikaingia kwenye naitrojeni ya maji, kila kimoja vichupa vitatu. Yote yatoke kwa samaki mmoja huyu huyu, kwa sababu hatutapata mwingine mwenye X na Y zile zile.

15 Januari

Nimeharibu. Naandika kabla sijapata kisingizio.

Karatasi ya maelekezo ya kutoa DNA inasema mikrolita 200 za damu. Nikaweka mikrolita 200. Karatasi hiyo iliandikwa kwa ajili ya damu ya mamalia, na chembe nyekundu za mamalia hazina kiini, kwa hiyo DNA yote hutoka kwenye chembe nyeupe, ambazo ni chache. Chembe nyekundu za samaki zina kiini, kila moja. Nilipotia kiowevu cha kupasulia chembe, nikageuza kichupa mara tatu, kikaacha kumwagika. Nikakipindua kichwa chini: kitu kizima kimekaa hapo juu kama ute wa konokono, hakishuki. Pipeti ikanyonya hewa. Nilipoivuta nje, utelezi mrefu wa rangi ya chai ukafuata ncha hadi urefu wa mkono, haukatiki.

Hiyo ilikuwa DNA ndefu na nzuri sana, isiyofaa kwa lolote.

19 Januari

Safari hii mikrolita 10. Ncha za pipeti zimekatwa ili tundu liwe pana, hakuna kutikisa, hakuna kugonga, kila kitu kwa mwendo wa mtu aliyebeba mtungi uliojaa. DNA ilipotiwa pombe ikajikusanya kuwa uzi mweupe, nikauokota kwa kijiti cha kioo.

Usafi wa DNA hupimwa kwa mwanga: uwiano wa 260/280 ni 1.86, sawa. Wa 260/230 ni 1.2, si sawa, ina maana chumvi za kutolea DNA bado zimo. Nikaosha tena mara mbili, ukafika 2.0. Nikaipitisha usiku kucha kwenye jeli ya umeme wa kupokezana, inayotenga vipande kwa urefu: sehemu kubwa iko juu ya bezi 100,000.

Kichekesho cha kazi hii: baada ya wiki nzima ya kuibembeleza DNA isikatike, hatua inayofuata ni kuikata makusudi iwe vipande vya bezi kama 18,000, maana mashine ya PacBio huvizungusha vipande hivyo na kuvisoma mara nyingi nyingi hadi makosa yachujike. Visomo vya aina hiyo, HiFi, huwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 99.9. Kwetu usahihi huo ndio kila kitu. X na Y za sato zinafanana mno, hata chini ya hadubini huzitofautishi. Mashine inayokosea herufi moja kwa kila kumi ingetuletea tofauti nyingi za uongo kuliko za kweli.

12 Februari

Visomo vimerudi. Bezi bilioni 54, wastani wa urefu 17,000. Jenomu ya sato ni takriban bezi bilioni 1, kwa hiyo kila mahali pamesomwa mara 54 hivi, yaani mara 27 upande wa baba na 27 upande wa mama. Nimeyaandika mawili haya, 54 na 27, kwenye karatasi juu ya kioo cha kompyuta. Yatatumika mpaka mwisho.

Kabla ya kuunganisha lolote nilivunja visomo vyote kuwa maneno ya herufi 21 na kuhesabu kila neno limetokea mara ngapi. Grafu ikatoa vilima viwili: kikubwa kwenye 54, maneno yaliyo pande zote mbili, na kidogo kwenye 27, maneno ya upande mmoja tu. Hakuna kilima cha tatu mahali pa ajabu, hakuna dalili kubwa ya bakteria. Niliogopa pia kwamba samaki wetu ni chotara, kwa kuwa sato huzaana kirahisi na ndugu zake, hasa Oreochromis aureus, na huyo mfumo wake wa jinsia ni wa ZW, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti. DNA ya mitokondria imeonyesha Oreochromis niloticus safi, yaani sato mwenyewe. Mitokondria ni ya mama tu, kwa hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine nimeichungulia kwenye jeni za kawaida na sikuona kitu cha kutia shaka.

20 Februari

Seva imekatisha kazi saa tisa usiku. RAM haikutosha. Nimeomba mashine kubwa, niko kwenye foleni.

24 Februari

Mkusanyo wa kwanza, yaani jenomu iliyoungwa kutokana na visomo, umetoka; hifiasm, programu ya kuunganisha, imemaliza kwa saa kumi na nne. Nikaupima kwa BUSCO, orodha ya jeni 3,640 zinazotarajiwa kuwemo kwa kila samaki mwenye mapezi ya miale, kila moja mara moja. Asilimia 98.6 zimo. Lakini asilimia 4.1 zimo mara mbili, na hilo huwa ni alama kwamba mahali pengine programu imeweka nakala ya baba na ya mama kama vitu viwili vinavyokaa sehemu mbili tofauti, wakati ni sehemu moja.

Dawa yake ni programu ya purge_dups. Inatazama kontigi (vipande virefu vilivyoungwa) ambazo kina chake, yaani idadi ya visomo vinavyozipita, ni nusu ya wastani na ambazo zinafanana na nyingine, inaziondoa kwenye mkusanyo na kuziweka faili la pembeni. Marudio yameshuka hadi asilimia 1.2. Nimefurahi mno. Nimemtumia msimamizi grafu kabla ya kula.

2 Machi

Msimamizi amejibu kwa maneno matatu: "Y iko wapi?"

3 Machi

Nimeitafuta amh kwenye mkusanyo. Ipo moja. Nzima, ya X, haina kasoro. Hakuna amhy, hakuna amhΔy.

Nikavirudisha visomo vyote juu ya mkusanyo na kutazama kina eneo hilo. Kushoto 27. Kulia 27. Juu ya amh yenyewe, 81.

Nilikaa nikiitazama 81 hiyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Eti 81 ni 27 mara tatu. Nakala tatu za jeni zimepandana juu ya kiti kimoja: ya X, na zile mbili za Y ambazo hazikupata pa kukaa. Nikafungua visomo kimoja kimoja. Ndani ya eksoni ya 7, theluthi ya visomo ina pengo, na nikilihesabu pengo hilo ni bezi 233. Zimo. Mashine ilizisoma zote. Mimi ndiye nimezipoteza.

Hata ile 27 ya kushoto na kulia ingeniambia kitu kama ningeitazama mapema. Kwa kawaida ingekuwa 54. Kuwa 27 ina maana visomo vya Y vinagoma kukaa juu ya X pande zote mbili za jeni, na vinakubali hapo kwenye amh tu, ambako mfanano ni mkubwa mno.

4 Machi

Nimeikuta. Iko kwenye faili la pembeni, kati ya vitu vilivyoondolewa, kontigi ya bezi milioni 2.3 yenye jeni mbili za amh zikifuatana kama ilivyotarajiwa.

Purge_dups haikukosea. Iliambiwa: ukiona kipande chenye nusu ya kina kinachofanana na kingine, kitoe. Y ndiyo hivyo hasa. Ina nusu ya kina, kwa sababu dume anayo moja. Inafanana na X, kwa sababu juzi juzi tu, kwa saa ya mageuzi, zilikuwa kitu kimoja. Kwa programu, Y ya sato ni uchafu wa kuunganisha. Nami nilisherehekea uchafu ulivyopungua.

Kwa mamalia balaa hili ni dogo zaidi, kwa sababu Y yao imechakaa na kupoteza jeni nyingi, haifanani tena na X kiasi hicho. Y ya sato bado ni nzima. Ndiyo maana hata samaki wa YY anaishi vizuri bila X. Yaani kile kile kinachowezesha mpango mzima wa YY ndicho kinachoifanya Y iwe ngumu kuisoma.

Msimamizi hakunilaumu. Alisema, "Sasa umeijua programu yako," akaendelea na chai yake, nami nikaona bora angenilaumu.

18 Machi

Hi-C. Vipande vya ini la samaki wetu vimetolewa kwenye friza, vikasagwa ndani ya naitrojeni, vikatiwa fomaldehidi ili DNA zilizokaribiana ndani ya kiini zigandane zilipo. Kisha kimeng'enya kinakata, kingine kinaunga ncha zilizo jirani. Ukisoma viungo hivyo unajua nani alikuwa karibu na nani. DNA za kromosomu moja hukutana mara nyingi kuliko za kromosomu mbili tofauti, na nakala ya baba hukutana na yenyewe kuliko inavyokutana na ya mama. Hilo la pili ndilo litakalotusaidia badala ya wazazi tusiowajua.

Chembe za ini zilikuwa na mafuta mengi, maandalizi ya kwanza yakaganda vibaya. Ya pili kutoka wengu yamefaa.

9 Aprili

Hifiasm tena, safari hii na data ya Hi-C, na bila kusafisha chochote baadaye. Matokeo ni mikusanyo miwili kamili: upande wa kwanza na upande wa pili. Nusu ya kila jenomu imo ndani ya kontigi zenye bezi milioni 20 au zaidi. Jeni za BUSCO zilizojirudia ndani ya upande mmoja ni chini ya asilimia 2, bila kumtupa mtu nje.

Kisha ramani. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda hata ikiwa usiku. Kila nukta nyekundu ni jozi ya sehemu zilizogusana. Kromosomu zinatokea kama miraba iliyopangwa kwenye mshazari, na sato anatakiwa awe na miraba 22. Nilipata 25 mara ya kwanza. Moja ilikuwa kromosomu iliyokatika vipande viwili, dhahiri, vinaitana kwenye ramani kwa wingi wa nukta. Nyingine mbili zilinichukua siku tatu, nazo ni za LG3, kromosomu ndefu kuliko zote za sato, iliyojaa marudio ya DNA hadi visomo vya bezi 17,000 vinapotea humo ndani kama mtu aliyeingia shamba la mkonge usiku. Niliona pia umbo la kipepeo kwenye LG7: kipande kimegeuzwa kichwa chini. Nikakigeuza, kipepeo akaondoka.

Kwa atakayerithi faili hizi: majina ya kromosomu yanaenda LG1 hadi LG23, lakini ziko 22. Hakuna iliyopotea. Zamani watafiti walihesabu LG16 na LG21 kama mbili, baadaye ikaonekana ni moja, na namba za mbele hazikubadilishwa. Nimejibu swali hilo kwa barua pepe mara nne.

Ncha: kwa kromosomu 22 kuna ncha 44 kila upande. Nimetafuta herufi TTAGGG zinazojirudia ambazo hufunga ncha za kromosomu za wanyama wenye uti wa mgongo. Ncha 31 upande wa kwanza, 33 upande wa pili. Zilizobaki zimeishia kwenye marudio.

22 Aprili

LG23, upande wa pili, ndiyo Y. Iko kontigi moja bila pengo eneo lote la amh.

Zimekaa kama vitabu vinavyosema. amhΔy inatangulia, na upungufu wake wa bezi 233. amhy inafuata, na nyuma ya mwanzo wake zimekosekana bezi 5,608 za eneo la kuiwashia jeni ambazo X inazo. Ndani ya sehemu inayotengeneza protini, amhy inatofautiana na amh ya X kwa herufi moja yenye maana: C imekuwa T, na asidi amino ya 92 ikageuka kutoka serini kuwa lusini. Nikahesabu kina: 27 kwenye amh ya X, 27 kwenye amhΔy, 27 kwenye amhy. Wale watatu waliokuwa wamepandana kila mmoja amepata kiti chake.

Nimeibandua ile karatasi juu ya kioo. Kisha nikairudisha, maana kesho nitaihitaji.

6 Mei

Jeni. Programu ya kutabiri jeni imenipa jeni 41,000 za protini, na hakuna siklidi mwenye idadi hiyo. Sababu: niliiendesha kabla ya kufunika DNA inayojirudia, na jeni rukaji (vipande vya DNA vinavyohamahama ndani ya jenomu) zina protini zao, basi programu ikazihesabu kwa moyo mweupe. Baada ya kufunika na kuongeza RNA ya viungo sita, zimeshuka hadi elfu ishirini na kitu. RNA ya korodani ni safi. Ya figo imeoza, vichupa vyote vitatu, sijui friza lilifunguliwa na nani wala sitauliza.

Kontigi chache ndogo zilikuwa za bakteria. Zimetolewa.

15 Mei

Sasa kile tulichokijia. Nimelaza X juu ya Y na kuorodhesha kila mahali ambapo moja ina kipande cha zaidi ya bezi 200 ambacho nyingine haina, nje ya amh. Vilikuwa vingi kuliko nilivyotarajia. Vingi havifai: kipande chenyewe ni jeni rukaji na majirani zake pia ni jeni rukaji, kwa hiyo praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoshika mahali pa kupimia) zingeshika jenomu nzima na jeli ingeonekana kama mswaki. Vimebaki vitatu vyenye majirani wa pekee pande zote mbili. Nimeagiza praima za vyote vitatu.

Ninachopenda ni kwamba hapa hakuna nakala ya pili ya kutuchanganya. X ina kipande cha bezi kama 300, Y haina. XX itatoa bendi ndefu peke yake. XY zote mbili. YY fupi peke yake. Lakini hii ni X ya samaki mmoja na Y ya samaki mmoja. Inawezekana kipande hicho ni cha ukoo wa mama yake tu, hakihusiani na jinsia.

31 Mei

Samaki 50 kwenye jeli: madume 24, majike 24, na YY wawili tuliowathibitisha mwaka uliopita kwa njia ya zamani ya kuhesabu watoto.

Jozi ya kwanza ya praima imeanguka, majike watano wametoa bendi zote mbili. Kama nilivyoogopa, hiyo ni tofauti inayozunguka kwenye ukoo wetu bila kujali jinsia. Jozi ya pili haikutoa bendi hata moja, ni za kuagiza upya.

Ya tatu. Majike wote 24, bendi ndefu tu. YY wawili, bendi fupi tu, zimekaa chini kwenye kona ya picha, nyembamba na nyeupe. Fundi wa matangi alikuja kutazama, akagusa kioo mahali pa YY. "Hawa ndio wametula miezi saba?" Hawa ndio. Kipimo kimechukua saa tano na kipande cha pezi kisichozidi punje ya mchele.

Madume: 22 wana bendi mbili. Wawili wana ndefu tu. Kwa mujibu wa jeli hao ni majike.

Tukadhani tumechanganya vichupa. Tukakata mapezi upya, tukarudia. Ndefu tu. Tukarudia na kipimo cha zamani cha bezi 233: hakuna bendi fupi. Tukawaminya: manii, wote wawili. Basi hawana Y, na ni madume.

4 Juni

Wote wawili wametoka tangi la 6. Nimepekua daftari la joto. Wakati wao wakiwa vifaranga, kipasha maji cha tangi hilo kilikwama, joto likakaa nyuzi 36 kwa wiki mbili hivi kabla hakijabadilishwa. Kifaranga wa XX akikaa kwenye joto hilo siku za mwanzo anaweza kukua dume, hilo linajulikana kwa sato. Sioni sababu ya kutafuta ya pili, isipokuwa kwamba kuna koo za sato ambazo jinsia inaamuliwa na LG1 badala ya LG23, na sina hakika damu ya namna hiyo haijawahi kuingia kwetu.

Kuna namna ya kuwaamua. Kama ni XX waliogeuzwa na joto, watoto wao kwa jike wa kawaida watakuwa majike karibu wote. Kama LG1 ndiyo imewafanya madume, nusu ya watoto itakuwa madume.

Kila mmoja amepewa tangi lake na majike watatu. Maji nyuzi 28, vipimajoto viwili kila tangi.

17 Juni

Mikusanyo yote miwili imepakiwa kwenye hifadhidata ya umma pamoja na visomo ghafi. Kontigi moja imerudishwa kwa kuwa ilikuwa na mabaki ya adapta (DNA ya kubuniwa inayoungwa kwenye vipande kabla ya kusomwa), nimekata na kupakia upya.

Praima mpya za jozi ya pili zimefika, bado sijazigusa.

Tangi la kwanza: jike mmoja tangu asubuhi hasogelei chakula, shavu limetuna chini, anafungua na kufumba mdomo polepole akiyapindua mayai.